Kiti cha trekta nacho ni kipuri

Mwenye trekta akileta mashine gereji kwangu hapa Masasi, huwa na orodha yake kichwani. Haidroli hainyanyui plau. Klachi inateleza. Moshi mweusi. Maji yanapungua kwenye rejeta. Dereva wake husimama pembeni, mkono mmoja kiunoni, akisubiri kuulizwa, na mara nyingi haulizwi. Wenye mali walionitajia kiti kwa hiari yao ni wachache mno, ilhali mimi kiti ndicho kitu cha kwanza ninachokikagua, kabla hata sijafungua boneti.

Ninayoyakuta yanasikitisha. Shokapu ya kiti ilishakufa zamani, mafuta yote yamevuja. Springi moja imekatika, na mahali pake pamefungwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kwenye trekta jingine springi zote zimetolewa na kiti kimechomelewa moja kwa moja kwenye bati, eti kisiyumbe. Juu yake pamewekwa kipande cha godoro kilichovikwa salfeti. Na huku kwetu kusini salfeti yenyewe mara nyingi ilishabeba salfa ya kupulizia mikorosho, kwa hiyo dereva akitoka jasho, unga uliobaki humo unamwasha mapajani kutwa nzima. Huyo ndiye mtu aliyekabidhiwa mashine ya mamilioni ya shilingi na shamba la watu.

Naandika haya kwa kirefu kwa sababu mvua za kwanza hazipo mbali, na kwa sababu inaniuma kuona vijana wenye miaka thelathini na kitu wakishuka kwenye trekta kwa hatua za wazee. Wengine wamekuwa rafiki zangu. Najua wanavyolala kwa upande mmoja tu, na najua wanavyonunua vidonge vya maumivu kila wanapopita duka la dawa.

Kwanza tuelewe trekta limeundwaje. Gari dogo lina springi na shokapu kila gurudumu. Lori lina mabapa ya springi. Matrekta mengi yanayolima huku kwetu hayana kitu cha namna hiyo. Ekseli ya nyuma imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye mwili wa mashine. Ya mbele imeshikwa na pini moja katikati ili iweze kulala upande huu na upande ule, basi. Kati ya ardhi na uti wa mgongo wa dereva kuna vitu viwili tu vinavyonesa: upepo uliomo kwenye tairi, na kiti. Kiti kikifa, kimebaki kimoja.

Tairi kubwa za trekta hudunda taratibu, mara mbili hadi nne hivi kwa sekunde. Mwili wa mtu aliyekaa nao una mdundo wake. Kiwiliwili, uti wa mgongo na vilivyomo tumboni huitikia kwa nguvu zaidi pale mtikisiko wa juu na chini unapofika mara nne hadi nane kwa sekunde, hasa karibu na mara tano. Hapo mwili haupokei tu, unaukuza: kiti kikipanda kidogo, mabega na kichwa hupanda zaidi. Misuli ya mgongo hukaza ili kuzuia, lakini mshtuko unaofuata unaikuta haijalegea kutoka ule uliopita, na hivyo hivyo saa baada ya saa. Jioni dereva anahisi amechoka kuliko aliyelima kwa jembe la mkono, na watu wa nyumbani hawaelewi. Wanamwona alikuwa amekaa.

Sasa chukua barabara ya vumbi yenye rasta, yale matuta madogo yaliyofuatana yanayojichonga kiangazi baina ya vijiji vyetu. Rasta zikiachana kwa mita moja, na trekta likienda kilomita 18 kwa saa, hiyo ni mita 5 kwa sekunde. Maana yake tairi linagonga rasta tano kila sekunde, pale pale ambapo mgongo wa binadamu unaitikia zaidi. Dereva anayevuta tela la magunia ya ufuta kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi anaweza kukaa ndani ya mdundo huo saa nzima. Tela nalo lina yake. Linasukuma na kuvuta, kiuno kinakwenda mbele na nyuma huku mgongo unapanda na kushuka.

Ndiyo maana madereva wengi huniambia kwamba barabara inawaumiza kuliko kulima. Wenye mali hushangaa, wanafikiri dereva akiwa barabarani anapumzika. Mimi namwamini dereva. Plau likiwa ardhini hulishika trekta lisidunde sana, na mwendo wa kulima ni mdogo. Ukining'iniza plau nyuma, au ukifunga tela, ukaingia gia ya juu na kuondoka, unaachia kila kitu kirukeruke. Haro, lile jembe la sahani la kuvunja mabonge, iko katikati: mwendo wake ni mkubwa kuliko wa plau na mabonge hayajavunjika, kwa hiyo dereva anatupwa kushoto na kulia pia.

Nilipoanza kusoma habari hizi kwenye simu, kilichonivutia ni kwamba mtikisiko una vipimo vyake kama upepo wa tairi ulivyo na geji. Wanaupima kwa mita kwa sekunde mraba, kwa kuweka kifaa bapa juu ya kiti na dereva kukikalia, kisha wanachukua pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631-1, toleo la 1997, kinasema mtikisiko ulio chini ya 0.315 haumkeri mtu. Kuanzia 0.8 hadi 1.6 unakera. Ukivuka 2 ni karaha iliyopitiliza. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2002 lenye namba mbili kwa siku ya kazi ya saa nane: ikifika 0.5 mwajiri lazima achukue hatua, na 1.15 ndio mwisho, hairuhusiwi kupita hapo.

Kuna hesabu ndani ya agizo hilo ambayo natamani kila mwenye trekta angeijua. Kiti chenye mtikisiko wa 1 humfikisha dereva kwenye namba ya kwanza baada ya saa 2. Kiti chenye mtikisiko wa 2 humfikisha hapo kwa dakika 30. Mtikisiko umeongezeka mara mbili, muda umebaki robo. Kwa hiyo kupunguza mtikisiko hata kidogo kunamwongezea dereva muda mwingi wa kufanya kazi akiwa mzima, na mwenye mali anayefikiria ekari tu bado anapaswa kulipenda jambo hili.

Maumivu yenyewe si hadithi za vijiweni. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Italia, Bovenzi na Betta, walichapisha utafiti wa madereva wa trekta 1,155 waliolinganishwa na wafanyakazi 220 wa ofisini. Maumivu ya kiuno yalikuwa mengi zaidi kwa madereva, na yaliongezeka kadiri mtu alivyokuwa amebeba mtikisiko mwingi zaidi maishani mwake, na kadiri alivyokaa vibaya. Hayo mawili yalikwenda pamoja, na kwa mtu aliyeona trekta likipita kwenye mikorosho haishangazi.

Katika shamba la mikorosho dereva hakai wima hata dakika tano. Mikorosho mingi ya zamani ilipandwa karibu karibu, matawi yakashuka hadi kiunoni mwa mtu. Ukipita na haro kukata majani, unainama usipigwe na tawi usoni, hapo hapo unageuza shingo na kiuno kutazama nyuma kama haro haijakwangua mizizi au kushika kisiki, na mguu uko kwenye klachi. Mgongo umepinda, umezunguka, na unatikiswa. Ukimuuliza daktari yeyote wa mifupa akupangie namna ya kumuumiza mtu pingili za kiuno, atakupangia hivyo hivyo. Kupogolea matawi ya chini kabla trekta halijaingia kunamsaidia dereva kuliko dawa yoyote ya kuchua, na mkorosho wenyewe unapata hewa, ugonjwa wa ubwiri unga unapungua. Wenye mashamba, hiyo kazi ni yenu, msimwachie dereva akate matawi kwa bomba la moshi.

Kuhusu godoro, najua nitawaudhi wengi. Kipande cha godoro juu ya kiti cha bati kinasaidia makalio yasiumie na chuma, na kwa hilo sikilaumu. Ila hakizuii mtikisiko ule unaoumiza mgongo. Godoro lina mnepo wake, na mnepo huo nao uko karibu na mara nne au tano kwa sekunde, kwa hiyo badala ya kupunguza linaweza kuongeza. Kinachopunguza ni kiti chenye springi laini na shokapu nzima chini yake, kinachopanda na kushuka taratibu kuliko trekta lenyewe linavyodunda. Springi bila shokapu ni tatizo jingine: kiti kinaendelea kuruka baada ya shimo kupita, kinagonga juu, kinagonga chini. Kule kugonga ndiko kubaya kupita vyote. Ni pigo la moja kwa moja, chuma kwa mfupa.

Kisha kuna kile kitasa au kishikio kidogo mbele ya kiti, au pembeni, chenye namba za kilo. Viti vingi vya springi vinacho. Kazi yake ni kukaza springi kulingana na uzito wa anayekikalia. Nimekuta vishikio hivyo vimeganda kwa kutu na tope, ishara kwamba tangu trekta lishuke melini hakuna aliyevigusa. Dereva mwembamba wa kilo 55 anakalia kiti kilichokazwa kwa mtu wa kilo 110: springi haishuki kabisa, ni sawa na kukaa kwenye bati. Mnene akikalia kilicholegezwa, kinalala chini na kila shimo linagonga. Kishikio kinahitaji grisi kidogo na dakika mbili. Kwa kazi hiyo silipishi mtu.

Tairi nalo ni kiti cha kwanza, ingawa watu hawalioni hivyo. Mtindo wa huku ni kujaza upepo hadi tairi lilie ukilipiga, kwa sababu trekta hilo hilo litavuta tela la mawe au mchanga Jumapili. Jumatatu linaingia shambani na upepo ule ule. Tairi gumu halimezi bonge wala kisiki, linakipeleka chote juu kwa dereva, na juu ya hapo linashindilia udongo. Kila tairi lina upepo wake kulingana na uzito linaoubeba na mwendo, na maelezo yapo kwenye kitabu cha trekta. Tumieni geji. Na msishushe chini ya hapo kwa kutafuta ulaini, tairi litapasuka ubavuni au litazunguka ndani ya rimu.

Maji ndani ya tairi pia yafikiriwe upya. Tunajaza maji ili trekta lipate uzito lisiteleze, na ni njia nzuri kwa plau. Lakini maji hayabonyei kama upepo. Tairi lililojazwa maji hadi robo tatu limebakiwa na nafasi ndogo ya upepo juu, kwa hiyo linakuwa gumu zaidi barabarani. Kwa trekta ambalo kazi yake kubwa ni tela, mimi hushauri kuyatoa.

Dereva mmoja wa Nanyumbu aliwahi kuniambia, "Njomba, nikilala usiku bado natembea." Alikuwa akihisi kitanda kinadunda. Nikamuuliza analala saa ngapi. Akasema msimu ukichanganya, wanalima mpaka usiku kwa taa, kwa sababu wateja wamejipanga foleni na mvua haimsubiri mtu. Nikamuuliza analipwaje. Kwa ekari.

Hapo ndipo mzizi ulipo, na ninalisema hili nikijua wateja wangu ni wenye mali na si madereva. Dereva anayelipwa kwa ekari ana sababu ya kuongeza gia, kutokushuka, kula mhogo wa kuchoma huku anaendesha. Ukimwambia apunguze mwendo, unamwambia apunguze hela ya watoto wake. Ushauri wote wa kukaa vizuri na kupumzika unakwama hapo. Wapo wenye trekta wachache ninaowajua wanaompa dereva kiasi cha kila siku kisichotegemea ekari, halafu nyongeza kidogo kwa ekari, na wameweka madereva wawili wanaopokezana mchana. Matrekta yao yanakuja kwangu mara chache. Ekseli hazipasuki, bolti za haro hazikatiki, mikono ya haidroli haipindi. Mtikisiko unaovunja mgongo ndio huo huo unaovunja vyuma, na vyuma tayari mnanilipa kuvirekebisha.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya anayemfanyia kazi. Wengi wakisikia hivyo wanafikiria viwanda vya Dar es Salaam. Dereva aliye juu ya trekta katikati ya pori la Liwale yuko kazini sawasawa na yule wa kiwandani.

Huku kusini trekta si mgeni. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, na ulitumia mashine nyingi zilizobaki kwenye vita. Zilikuwapo zilizoitwa Shervick, zilizoundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua Nachingwea wakati huo, na alitusimulia jinsi madereva walivyojifunga shuka kiunoni na kulikaza kwa nguvu kabla ya kupanda. Madereva wa leo wanajifunga kitenge. Kujifunga kunampa mtu hisia ya kushikwa, na sina ugomvi nako, lakini mtikisiko unapita chini ya kitenge na juu yake.

Dereva mwingine aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli trekta linaleta busha. Nikamjibu wazi, na nalirudia hapa kwa sababu nadhani anayejiuliza si yeye peke yake: busha na matende ya ukanda wetu wa pwani yanatokana na minyoo inayosambazwa na mbu, na ndiyo maana zile dawa za kumeza za kampeni hutolewa kwa kijiji kizima, wanaoendesha na wasioendesha. Lala kwenye chandarua, meza dawa zikija. Trekta lina makosa yake ya kutosha, hilo tusilibebeshe.

Yanayotokana na trekta kweli ni haya: maumivu ya kiuno yasiyokwisha kwa kulala usiku mmoja, yanayoshuka kwenye tako hadi mguuni, ganzi ya mguu au vidole, shingo isiyogeuka asubuhi, tumbo linalovurugika ukila na kupanda mara moja. Dereva mwenye ganzi inayoshuka mguuni aende hospitali, asimalizie ekari. Anayeshindwa kuzuia mkojo au choo baada ya kuumwa mgongo aende siku hiyo hiyo, hata kwa kukodi pikipiki. Vidonge vya maumivu vinavyomezwa kila siku msimu mzima vinachubua tumbo na kuchosha figo, tena kwa mtu anayekunywa maji kidogo juani.

Na kitu kimoja ambacho hakigharimu hata shilingi: ukishuka kwenye trekta baada ya saa nyingi, usikimbilie kubeba gunia wala kunyanyua plau kulifunga. Misuli ya mgongo imechoka haiwezi kushika pingili vizuri. Tembea kwanza, zunguka shamba, kanywe maji, kisha ndiyo unyanyue, na unyanyue na mwenzio. Utingo wako yupo kwa ajili hiyo.

Rasta nazo, kwa kuwa haziondoki leo, dereva atafute mwendo wake. Wazoefu wanajua kwamba kuna gia ambayo trekta linaanza kudunda lenyewe hata barabara ikiwa si mbaya sana. Ukishuka gia moja chini ya hapo, linatulia. Mwendo huo hutofautiana kwa kila trekta, kila tairi, kila mzigo, kwa hiyo siwezi kuwaandikia namba. Autafute mwenye usukani, na mwenye mali akubali kwamba tela litachelewa kufika.

Kwa walio njia ya Nachingwea, Nanyumbu na Newala mnaoleta mashine kwangu kabla ya kulima: nina shokapu na springi za viti vya aina mbalimbali, na kiti ambacho kipuri chake hakipatikani tunaweza kukitengenezea kitako kipya chenye springi. Njooni na dereva mwenyewe. Springi ya kiti huwekwa kwa uzito wa anayekikalia, na huwa namwomba apande, akae, tulizungushe trekta uwanjani kwenye mashimo nikiwa nimesimama kwenye daraja la pembeni, tena kwa mwendo wa kinyonga, ili nione kama kinagonga chini. Kikigonga, tunarudi kukaza.